Kuchagua Kihisi cha Mwanga kwa Fedha Kidogo

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo juu ya mambo ya umeme, nami nimekubali kwa furaha, kwa kuwa swali lenyewe limetoka kwenu. Wanachama wa klabu ya sayansi wameniletea barua. Wanataka kutengeneza taa itakayowaka yenyewe giza linapoingia na kuzimika yenyewe kunapokucha, katika njia itokayo mabwenini kwenda vyooni. Wanayo paneli ya sola, betri moja ya volti 12 yenye uwezo wa ampia-saa 7, taa ya LED ya wati 3, na maikrokontrola moja. Kilichobaki ni jicho la mtambo, yaani kihisi cha mwanga, na fedha iliyosalia katika mfuko wa klabu ni kidogo. Wameniuliza, "Tununue kihisi gani?"

Swali hili si dogo. Yeyote aliyepata kulala bweni la kidato cha kwanza aijua njia ile usiku wa mvua: mtaro upande huu, majani marefu upande ule, na mtoto anayejizuia mpaka alfajiri kwa kuogopa giza. Taa isipowaka jioni haina faida. Nayo ikiwaka mchana kutwa kwa sababu jicho lake halioni vyema, betri itakwisha kabla ya usiku wa manane. Hapo ingalikuwa afadhali taa isiwepo kabisa, maana watu watakuwa wamekwisha kuitegemea.

Mimi tangu nilipotoka shuleni kazi yangu ni kutengeneza redio, simu na mitambo ya sola. Basi nitawajibu kwa utaratibu, hatua kwa hatua, ili hata yule ambaye hajapata kushika chuma cha kulehemu aweze kufuata.

I. IJUE KAZI KABLA YA KUULIZA BEI

Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho laksi. Jua kali la mchana hufika karibu laksi 100,000. Siku ya mawingu mazito mwanga huweza kushuka hata laksi elfu chache, au elfu moja tu. Darasa lenye taa nzuri lina laksi 300 hadi 500. Jua linapotua na anga ni safi, nje husalia laksi mia chache. Likiisha kushuka digrii 6 chini ya upeo wa macho, husalia laksi 3 hivi. Mwezi mpevu hutoa karibu robo ya laksi tu.

Sasa angalieni jambo moja ambalo vitabu vingi vya ng'ambo havilitaji. Sisi hapa Uganda tumekaa juu ya ikweta. Jua letu hushuka wima, halitelezi pembeni. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo tangu jua kutua mpaka lifike digrii 6 chini ya upeo ni kama dakika 21 tu. Mjini London, katika mwezi wa Juni, mwendo huo huo huchukua zaidi ya dakika 45.

Jambo hili lina maana gani kwa mnunuzi? Katika dakika zile 21 mwanga hupungua kutoka laksi kama 400 hadi laksi 3 na kidogo. Ukigawanya 400 kwa mbili, kisha kwa mbili tena, na kuendelea hivyo, utafika 3 baada ya kugawanya mara 7 hivi. Ndiyo kusema mwanga hupungua nusu kila dakika 3. Basi kihisi kikikosea sana, hata kikahesabu laksi 10 kuwa ni 20, taa itachelewa au itawahi kwa dakika 3 tu. Nani katika bweni atatambua dakika 3?

Shikeni neno hilo, kwa sababu ndilo litakaloamua shauri letu. Kazi ya taa ya njia haihitaji kipimo sahihi. Yahitaji jicho linalotofautisha mchana na usiku, lisilochoka, na lisilo ghali.

II. MAIKROKONTROLA HUONAJE?

Maikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja. Haina macho, wala haijui mwanga ni kitu gani. Hujua volti tu. Ile ATmega328P iliyo katika ubao wa Arduino Uno hupokea volti kati ya 0 na 5 katika baadhi ya miguu yake, na kuzigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023. Volti 0 ni namba 0, volti 5 ni namba 1023, na volti mbili na nusu ni karibu 512. Kwa hiyo kazi ya kihisi ni kuugeuza mwanga uwe volti. Vihisi vyote nitakavyovitaja hufanya kazi hiyo, au kazi iliyo karibu nayo, ila kila kimoja kwa njia yake na kwa bei yake.

III. WAGOMBEA WATANO

1. Rezista ya mwanga. Mafundi huiita kwa herufi zake, LDR. Ni kidonge kidogo chenye mstari mwekundu unaojipinda kama nyoka. Gizani huuzuia umeme sana, na mwangani huupisha. Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith, mtaalamu wa nyaya za simu za chini ya bahari, alitangaza kwamba vijiti vya seleniamu alivyokuwa akivitumia katika vipimo hupitisha umeme zaidi vinapopigwa na mwanga. Siku hizi LDR hutengenezwa kwa salfaidi ya kadimiamu. Macho yake yamekaribiana na macho ya binadamu, yaani huona vizuri rangi ya kijani kibichi kama sisi. Ni mvivu kidogo, huchukua sehemu ndogo ya sekunde kujibu, lakini jioni haina haraka. Aibu yake ni mbili. Kwanza, LDR mbili za namba moja hazilingani kamwe. Pili, kadimiamu ni sumu, na Umoja wa Ulaya umezuia matumizi yake katika vyombo vya umeme tangu Julai 2006. Msiivunje wala msiitupe motoni. Kwa bei, hii ndiyo ya chini kabisa katika vihisi vya dukani.

2. Fototransista. Hii ni transista ambayo mwanga huifungulia mlango. Ni nyepesi wa kujibu kuliko LDR na haina kadimiamu. Lakini jihadharini na zile za rangi nyeusi. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mwanga wa infraredi, ule wa rimoti za televisheni, na plastiki yake nyeusi huuzuia mwanga tuuonao. Mkitaka ya kuona kama binadamu, ulizeni TEMT6000. Katika laksi 100 hupitisha kama maikroampia 50, basi ukiiunga na rezista ya kilo-omu 10 utapata nusu ya volti. Yapendeza, ila katika laksi 5 utapata volti 0.025 tu, ambayo ni namba 5 katika 1023. Kwa jioni namba hiyo ni ndogo mno. Italazimu rezista kubwa zaidi, na huko huja matatizo mengine.

3. Fotodayodi. Huyu ni bingwa wa maabara. BPW34, mathalani, hutoa mkondo unaopanda sawasawa na mwanga, hatua kwa hatua bila kupinda. Lakini mkondo huo ni mdogo: kama maikroampia 70 katika laksi 1,000. Wakati wa machweo yahitaji kikuza umeme. Kununua fotodayodi pamoja na kikuza chake kwa ajili ya taa ya choo ni sawa na kukodi lori kupeleka gunia moja sokoni.

4. Taa ya LED yenyewe. Wengi hawajui kwamba LED hutoa mwanga na pia huweza kuuona. Mwaka 2003 Dietz, Yerazunis na Leigh, watafiti wa maabara ya Mitsubishi Electric huko Marekani, walieleza namna ya kuifanya hivyo kwa miguu miwili ya maikrokontrola bila kuongeza kitu kingine ila rezista. Unaichaji LED kinyumenyume, kisha unahesabu muda inaochukua kuishiwa. Mwanga ukiwa mwingi huishiwa upesi. Gharama yake ni karibu na bure, nami nawasihi mlijaribu jambo hili darasani. Lakini nje usiku, unyevu mdogo juu ya ubao hula chaji ile na kuiharibu hesabu. Kwa njia ya choo siishauri.

5. Chipu ya kupimia laksi. BH1750 ya kampuni ya ROHM ya Japani huzungumza na maikrokontrola kwa nyaya mbili, na kumpa namba ya laksi, kuanzia 1 hadi 65,535. Haina haja ya hesabu nyingi wala ya kusawazishwa. Ni kitu kizuri sana. Kama mngaliniuliza, "Darasa lipi halina mwanga wa kutosha wa kusomea?" ningalisema nunueni hiki bila kusita, kwani hapo kipimo sahihi ndicho mnachokitafuta. Lakini bei yake ni mara nyingi ya bei ya LDR, na usahihi wake tumekwisha kuona kwamba hautufai kitu jioni. Tena kikifa, shuleni hakuna wa kukitengeneza.

IV. HESABU YA LDR

Basi na tuitazame LDR kwa karibu. Chukueni ile yenye namba GL5528, inayopatikana sana. Mtengenezaji asema kwamba katika laksi 10 ukinzani wake ni kati ya kilo-omu 10 na 20, na gizani hufika megaomu 1. Asema pia kwamba mwanga ukizidi mara 10, ukinzani hushuka hadi karibu robo.

Unganeni hivi: mguu mmoja wa LDR kwenye volti 5, mguu wa pili kwenye rezista ya kawaida ya kilo-omu 10, na rezista hiyo imalizikie kwenye upande hasi. Pale wanapokutana hao wawili, toeni waya uende kwenye mguu wa maikrokontrola. Volti ya pale katikati hupatikana hivi: 5 mara 10, gawanya kwa jumla ya 10 na ukinzani wa LDR.

Tuseme LDR yetu ni ya katikati, kilo-omu 15 katika laksi 10. Tutapata:

Laksi 100: LDR ni kilo-omu 3.8 hivi, volti 3.6, namba kama 740.
Laksi 10: LDR ni kilo-omu 15, volti 2.0, namba 409.
Laksi 1: LDR ni kilo-omu 60 hivi, volti 0.7, namba kama 147.
Giza kabisa: LDR ni kilo-omu 1,000, volti 0.05, namba 10.

Tazameni jinsi namba zilivyoachana mbali pale tunapozihitaji, yaani kati ya laksi 100 na 1. Hiyo ndiyo sababu ya kuchagua rezista ya kilo-omu 10. Kanuni yenyewe ni hii: rezista ya kawaida iwe karibu na ukinzani wa LDR katika mwanga ule unaotaka kufanya uamuzi. Huko juani namba zitasongamana karibu na 1000, wala hamtaweza kutofautisha jua na wingu jepesi. Lakini taa ya usiku haina habari na hayo.

Kuna faida nyingine mbili zilizojificha hapa. Kwanza, ATmega328P hupenda chombo kinachoileta volti kisiwe na ukinzani wa zaidi ya kilo-omu 10. Kwa kuwa LDR na rezista yetu huonekana kwake kama vimefungwa sambamba, jumla yake haivuki 10 hata gizani. Pili, volti 5 ikishuka kidogo kwa udhaifu wa betri, namba haibadiliki, kwa sababu kipimo nacho huhesabiwa kwa volti ile ile.

Sasa ile aibu ya LDR. Ikiwa mliyopewa dukani ni ya kilo-omu 10 badala ya 15, katika laksi 10 mtapata namba 512, si 409. Kwa hiyo msinakili namba yangu wala ya kitabu cho chote. Kila LDR isomwe yenyewe mahali itakapokaa. Kufanya hivyo hakuhitaji chombo cha kupimia laksi. Kaeni nje jioni moja na saa na daftari, na kila baada ya dakika 2 andikeni namba iliyosomwa. Wekeni alama penye mstari ule ambapo mmoja wenu, ameshika gazeti hili mkononi, atasema, "Sasa sisomi tena." Hiyo ndiyo namba yenu.

V. MIPAKA MIWILI NA SUBIRA

Kosa linaloonekana katika mitambo mingi ya namna hii si la kihisi. Ni la programu. Mtu huandika: namba ikiwa chini ya 400, washa, ikiwa juu ya 400, zima. Jioni namba hucheza 399, 401, 398, 402, na taa hupepesa kama jicho la mgonjwa.

Dawa yake ni kuweka mipaka miwili. Mathalani, washa namba ikishuka chini ya 300, na usizime mpaka ipande juu ya 500. Kwa LDR yetu ya katikati hiyo ni kama laksi 4 na nusu kwa kuwasha, na laksi 18 kwa kuzima. Kati ya mipaka hiyo taa ibaki kama ilivyokuwa.

Tena ifundisheni taa yenu kusubiri. Isome namba kila sekunde, wala isigeuze hali mpaka iwe imepata jawabu lile lile mara 60 mfululizo. Radi haitaizima, wala tochi ya mlinzi, wala taa za gari linalogeuka uwanjani. Sisi tunaokaa karibu na Ziwa Victoria twajua radi zetu zilivyo nyingi, na taa isiyo na subira ingekosa raha usiku kucha.

Mahali pa kukiweka kihisi ni nusu ya kazi. Kiangalie mbinguni, lakini kisiione taa yake chenyewe. La sivyo taa itawaka, kihisi kitadhani kumekucha, kitaizima. Giza litarudi, kitaiwasha tena, na mchezo huo hautakwisha mpaka asubuhi. Kiwekeni juu ya kofia ya taa, ndani ya chupa ndogo iangazayo, na mdomo wake uzibwe kwa gundi maji yasiingie. Msikiweke chini ya mwembe. Leo majani ni machache, baada ya miezi michache yatakuwa mengi.

VI. BETRI HAISEMI UONGO

Sasa tuje kwenye hesabu iliyo kubwa kuliko zote. Betri ya volti 12 na ampia-saa 7 ina wati-saa 84. Lakini betri ya risasi na asidi ikimalizwa kila usiku hufa mapema, kwa hiyo tutumie nusu tu, wati-saa 42.

Usiku wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima. Taa ya wati 3 kwa saa 12 hula wati-saa 36. Zimebaki 6. Kihisi kibaya kikiwasha taa saa moja kabla ya wakati na kuizima saa moja baada ya wakati, zile 6 zimekwisha. Bali kihisi chetu kitawasha kama dakika 20 baada ya jua kutua, na kuzima kama dakika 15 au 20 kabla halijachomoza. Taa itawaka saa 11 na robo hivi, nayo itakula karibu wati-saa 34. Zitabaki 8 za akiba.

Lakini kuna mlaji mwingine asiyeonekana. LDR na rezista yake, hata juani, hupitisha nusu ya miliampia tu. Ubao wa Arduino Uno, kwa upande mwingine, hula kama miliampia 50 usiku na mchana, hata usipofanya lo lote. Kutoka katika betri ya volti 12 hiyo ni wati-saa 7 na kidogo kwa usiku mmoja. Jumlisheni na zile 34 mtapata 41. Akiba imebaki moja! Siku moja ya mawingu, na betri haikujaa, taa itazimika kabla ya alfajiri.

Kwa hiyo nawashauri: tumieni Uno kwa kujifunza na kuandikia programu, kisha chipu yenyewe ihamieni katika ubao mdogo bila vikorokoro vyake. Chipu ndogo ya ATtiny85, yenye miguu 8 tu, yatosha kabisa kwa kazi hii, na pamoja na kirekebisha volti chake itakula miliampia chache. Mmeona? Watu hutafuta kihisi cha bei nafuu, kumbe fedha na umeme vinapotelea katika ubao.

VII. JICHO LILILOKO TAYARI JUU YA PAA

Mwerevu mmoja kati yenu ataniuliza, "Je, paneli ya sola si kihisi cha mwanga?" Naam, ni kihisi, tena mmekwisha kukilipia. Taa nyingi ndogo za bustani hazina jicho jingine ila paneli yake. Paneli ya volti 12 isiyofungwa kitu huweza kufika volti 22 juani, kwa hiyo kwanza ipunguzwe kwa rezista mbili, ya kilo-omu 47 na ya kilo-omu 10. Volti 22 zitakuwa 3.9, ambazo chipu yaweza kuzivumilia.

Lakini kabla ya kufanya hivyo pimeni kwa mita. Vidhibiti chaji vingi vya bei rahisi vimeunganisha upande chanya wa paneli na wa betri, si upande hasi. Kama hasi ya paneli na hasi ya betri si kitu kimoja, msiiguse njia hii, maana vipimo vitakuwa vya uongo na mwaweza kuviunguza vyombo. Tena tazameni kidhibiti chenyewe. Baadhi yake vina kitufe cha kuwasha taa jioni, na hapo hamna haja ya kununua wala kutengeneza jicho.

VIII. SHAURI LANGU

Kwa taa hii nunueni LDR, namba GL5528 au iliyo karibu nayo, pamoja na rezista ya kilo-omu 10. Nunueni tatu: moja ya kutumia, moja ya akiba, na moja ya kufundishia. Tatu hizo hazitafikia bei ya BH1750 moja.

Sababu yangu ya mwisho si ya bei. Ninyi mlioandika barua ile mtafanya mtihani na kuondoka. Taa itabaki. Siku itakapozimika, mtoto wa kidato cha pili lazima aweze kuifungua, aiguse LDR kwa mita, aizibe kwa kidole, na aone ukinzani unapanda. Akiona haupandi, aibadilishe, naye ataendelea na masomo yake. Chombo ambacho wanaobaki hawawezi kukielewa hakina maisha marefu shuleni, hata kikiwa kizuri namna gani. Kwa hiyo andikeni mchoro wa mtambo pamoja na ile namba yenu ya jioni, mkautundike katika maabara.

Nanyi wenzangu wa zamani mliotawanyika mijini, taa za njiani zilizokufa mara nyingi jicho lake bado lina uhai. Mkipata kibovu cho chote cha namna hiyo msikitupe. Kileteni mtakapokuja kututembelea, na vijana watakifumua.

MAZOEZI

1. LDR yenye kilo-omu 20 katika laksi 10 imefungwa na rezista ya kilo-omu 10 kama tulivyoeleza. Maikrokontrola itasoma namba gani?
2. Klabu ikiweka taa ya wati 5 badala ya wati 3, wati-saa 42 zitaiwasha kwa saa ngapi? Je, zitafika alfajiri?
3. Mkibadilishana mahali pa LDR na rezista, namba itapanda au itashuka kunapoingia giza? Programu itabidi ibadilishwe vipi?
4. Kwa nini mpaka wa kuzima umewekwa juu ya mpaka wa kuwasha, wala si chini yake?

Majibu ya mawili ya kwanza: (1) 341. (2) Saa 8 na dakika 24, hazitafika. Mawili ya mwisho yajadilini katika klabu, kisha mniletee majibu kwa mkono wa mhariri.